Nikimshukuru Mungu mbele za watu, mdogo wangu anaumia

Mama, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nina jambo limeninyima amani mpaka maombi yamekuwa mazito. Mimi ni mke na mama wa watoto watatu. Nimeokoka tangu usichana wangu, na katika kikundi chetu cha maombi mimi ndiye hutangulia kusimama tukifika kipindi cha shukrani. Sijawahi kuona aibu kumshukuru Mungu. Amenitendea mengi: watoto ni wazima, ndoa imetulia, na kazini nimebaki ingawa wenzangu wengi wamepunguzwa.

Mdogo wangu wa kike yumo katika kikundi hicho hicho. Ameolewa miaka mingi na hajapata mtoto, na mwaka huu amepoteza kazi. Nampenda sana, namwombea kila siku. Hivi karibuni nilisimama kama kawaida yangu nikasema, "Namshukuru Mungu kwa kunipa uzao wakati wengine wanaulilia, na kwa kunitunzia kazi wakati wengine wanahangaika." Watu wakaitikia amina. Tulipotoka nje aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kila ukimshukuru Mungu, mimi najiona nimehukumiwa. Hao wengine unaowataja ni mimi."

Neno hilo limenichoma. Nilimweleza kwamba sikumkusudia yeye, akasema anajua, lakini tangu siku hiyo hazungumzi nami kama zamani. Niliwaomba watu ushauri. Mmoja akaniambia nipunguze kujisifu. Mwingine akasema ni shetani anataka kunifunga kinywa nisimtukuze Mungu.

Nikaamua kubadilika. Siku hizi nikisimama nasema mimi si kitu, mimi ni mavumbi, sistahili chochote. Juzi mzee mmoja wa kanisa akanisifu mbele ya wote kwa unyenyekevu wangu. Mama, nilifurahi! Kisha nikaogopa, maana niligundua kwamba nilikuwa nasubiri kusifiwa. Sasa hata nikiwa peke yangu nakosa maneno. Nikishukuru najiona ninajivuna, nikinyamaza najiona nimekosa shukrani.

Je, niache kutoa shukrani hadharani? Nishukuruje bila kujivuna? Na mdogo wangu nimwambie nini?

Dada Mkubwa (jina limehifadhiwa)

JIBU

Marahaba binti yangu, na jina la Bwana libarikiwe.

Isome tena kauli ya mdogo wako, polepole. Hakukwambia uache kumshukuru Mungu. Hakusema anakuonea wivu. Alisema, "Hao wengine ni mimi." Basi aliyekuambia upunguze kujisifu hakulenga penyewe, na aliyemtaja shetani alikosea zaidi, kwa sababu amemgeuza dada mwenye uchungu kuwa adui wa ushuhuda wako. Mdogo wako alikuonyesha sehemu moja tu ya shukrani yako, ile inayoanza na maneno "wakati wengine".

Tumezoea kumwona yule Farisayo wa Luka 18, aliyesali hekaluni pamoja na mtoza ushuru, kama mtu mbaya, hata hatusikii tena sala yake inavyoanza. Inaanza kwa shukrani. "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Hakuomba fedha wala cheo, na sina sababu ya kudhani kwamba alidanganya. Torati ilimdai mfungo wa siku moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, naye alifunga mara mbili kila juma. Alitoa zaka ya mapato yake yote. Alimtaja Mungu na akamshukuru, na bado Yesu anasema hakurudi nyumbani amehesabiwa haki. Shukrani yake ilihitaji mtu wa kusimama nyuma yake ili ipate uzito. Mwondoe mtoza ushuru na wale wengine aliowataja, kinachobaki ni orodha ya mifungo yake na zaka zake.

Sikuiti Farisayo. Luka anaeleza wazi kwamba Yesu alitoa mfano ule kwa watu waliojikinai kuwa wana haki na kuwadharau wengine wote, na wewe mdogo wako humdharau, barua yako yote inashuhudia hivyo. Lakini mtu anaweza kuwa na moyo wa upendo huku kinywa chake kinatumia maneno ya sala ile. Aliyeketi nyuma hausikii moyo wako, anasikia maneno.

Na maneno hayo hukuyatunga wewe, wengi wetu tumekuzwa nayo. "Tunakushukuru kwa kutuamsha salama, wapo waliolala hawakuamka, wapo walio vitandani mahospitalini, si kwamba sisi ni wema kuliko wao." Nadhani aliyeanza kusali hivyo alikuwa na nia njema sana, na ile sehemu ya mwisho, "si kwamba sisi ni wema kuliko wao," ndiyo iliyobeba unyenyekevu wote wa sala hiyo. Ila tumeirudia mpaka hatuisikii. Katika ibada hiyo hiyo yupo mtu aliyezika juma lililopita. Anainamisha kichwa, anaitikia amina, na sala imemtumia marehemu wake kuwa kipimo cha heri yetu. Hili linaniuma kwa muda mrefu, na ninashukuru kwamba mdogo wako amepata ujasiri wa kulisema.

Sasa jaribu jambo moja. Chukua ile shukrani yako, "Namshukuru Mungu kwa kunipa uzao wakati wengine wanaulilia," uikate baada ya neno "uzao". Imepungukiwa nini? Mungu bado ndiye mtoaji, watoto bado ni zawadi, furaha yako bado ni ya kweli. Kilichoondoka ni kile tu kilichomuumiza ndugu yako.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, kanisa lililokuwa linagawanyika kwa kubishana nani ni wa Paulo na nani ni wa Apolo, akawauliza: "Nawe una nini usichokipokea? Lakini iwapo ulipokea, wajisifiani kana kwamba hukupokea?" (1 Wakorintho 4:7). Swali hilo lichukue uende nalo chumbani kwako. Mwenye shukrani anasema "nimepokea." Mnyenyekevu naye anasema "nimepokea." Ndiyo maana nasema hofu yako ya kwamba ukishukuru lazima ujivune haina msingi. Kinachojivuna ndani yetu ni ile sauti inayosema nimepata kwa sababu mimi ni bora, mimi nimeomba zaidi, mimi nimekuwa mwaminifu zaidi ya yule. Musa aliwaonya Israeli kuhusu sauti hiyo kabla hawajaingia nchi ya ahadi: mkisha kula na kushiba na kujenga nyumba nzuri, msiseme moyoni kwamba nguvu za mkono wenu ndizo zilizowapatia utajiri huo (Kumbukumbu la Torati 8). Angalia kwamba onyo hilo halihusu siku za njaa, linahusu siku za kushiba. Wewe uko katika siku za kushiba, kwa hiyo ni vema umeuliza sasa.

Daudi alishukuru hadharani, mbele ya kusanyiko lote, baada ya watu kutoa dhahabu na fedha nyingi kwa ajili ya hekalu. Angeweza kuwalinganisha na wasiotoa. Badala yake aliuliza, "Lakini mimi ni nani, na watu wangu ni nani, tuweze kutoa kwa hiari namna hii?" akaendelea kukiri kwamba hata walichotoa kilitoka kwa Mungu mwenyewe (1 Nyakati 29:14). Hiyo ni shukrani ya hadhara ambayo haimwachi mtu yeyote nje ameinama.

Na wale "wengine"? Biblia haiwafuti katika shukrani, inawapa nafasi nyingine kabisa. Mwisraeli alipoleta malimbuko yake aliambiwa afurahie mema yote aliyopewa na Bwana pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake (Kumbukumbu la Torati 26:11). Akisahau mganda shambani, asirudi kuuchukua, uwe wa mgeni, yatima na mjane, kwa sababu yeye naye alikuwa mtumwa Misri (24:19–22). Hao ndio waliokosa ardhi, mume au baba. Mwenye shukrani hawataji ili aone amebahatika kiasi gani. Anawakumbuka ili washiriki. Ukishukuru kwa kubaki kazini, shukrani hiyo ikuulize: wale wenzangu waliopunguzwa, nimempigia nani simu? Nani ninaweza kumwandikia barua ya kumdhamini? Mdogo wako naye anatafuta kazi. Umewahi kukaa naye mkaandika pamoja barua za maombi, au umemwombea tu?

Nije kwenye mavumbi. Hapo nitakuwa mkali kidogo, kwa upendo. Kusema "mimi si kitu" mbele za watu hakujakusaidia, na wewe mwenyewe umeona. Mtoza ushuru hakusema kwamba yeye si kitu. Alisimama mbali, akajipigapiga kifua, akasema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Ni sala fupi sana. Ndani yake yumo Mungu na yumo yeye, hakuna mtazamaji. Wewe ulipobadilisha maneno hukubadilisha mtazamaji: kwanza uliwaeleza watu ulivyobarikiwa, sasa unawaeleza ulivyo duni, na mara zote mbili macho yao yako kwako. Isitoshe, si kweli kwamba wewe si kitu. Mungu amekufanya mama, amekupa akili ya kazi yako, amekupa kinywa kisichoogopa kusema mbele za watu. Kukana alichokupa si kunyenyekea.

Ukisifiwa na ukafurahi, usiende kulala unalia. Mwambie mzee asante, kisha uendelee na shughuli zako. Furaha ya kusifiwa hupita yenyewe ukiiacha ipite, ila ukiichunguza usiku kucha umerudi pale pale, unajitazama. Ulinde moyo kwa njia nyingine: sehemu kubwa ya sala yako iwe mahali ambapo hakuna atakayekusifu. Yesu aliagiza mlango ufungwe (Mathayo 6:6).

Ukiwa huko ndani, na maneno yamekauka kama ulivyosema, nakupa utaratibu wa zamani. Ignatius wa Loyola, aliyeishi karne ya 16, aliwafundisha watu kuichunguza siku yao mbele za Mungu. Hatua ya kwanza aliyoiweka ni kushukuru kwa mema yaliyopokelewa. Ndipo unaomba nuru ya kuziona dhambi zako, unaipitia siku saa kwa saa, unaomba msamaha, na unaazimia kurekebisha kwa msaada wa neema. Hata kama kanisa lako halifuati mapokeo hayo, jaribu. Mpangilio huo una hekima kubwa: anayejua amepokea nini leo huona kwa urahisi alipokosa, na hupata nguvu ya kukiri bila kujichukia. Toba yako iwe ya jambo lenye jina. "Leo nilimkatiza mume wangu maneno mbele ya watoto" ni unyenyekevu zaidi kuliko mavumbi kumi, kwa sababu kesho unaweza kumwomba msamaha.

Shukrani nayo iwe na majina. Usiseme "asante kwa yote" ukapita. Nani aliamka kuwaangalia watoto ulipokuwa umechoka? Nani anafagia ofisi kabla hujafika? Paulo, mtume mkubwa, anamaliza barua kwa Warumi kwa kuwataja watu zaidi ya 20 kwa majina: Priska na Akila waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake, Mariamu aliyefanya kazi nyingi, na Rufo pamoja na mama yake, ambaye Paulo anasema ni mama yake pia. Wengi wao hatujui habari zao nyingine. Ukimshukuru Mungu jioni kwa ajili ya mtu, asubuhi nenda ukamwambie mtu huyo. Wakoma kumi walitakaswa, na naamini wote walifurahi, ila mmoja ndiye aliyegeuka njia akarudi kwa aliyemponya (Luka 17).

Nimemwacha mdogo wako mpaka sasa kwa sababu ndiye jambo zito kuliko yote.

Nenda kwake peke yako, usimpeleke mchungaji wala mama yenu. Sema kwa kifupi: "Uliyoniambia ni kweli. Maneno yangu yalikuumiza. Nisamehe." Ukimaliza, nyamaza. Usirudie kwamba hukumkusudia, alishakwambia anajua, na ukirudia utakuwa unamwomba akutetee. Ukihisi machozi yanakuja, jitahidi yasiwe mengi kiasi cha kumfanya yeye aanze kukubembeleza. Asipokujibu siku hiyo, pokea hivyo. Msamaha wake nao ni kitu cha kupokea, huwezi kumdai.

Usimwambie "mshukuru Mungu tu, mambo yatakuwa sawa." Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na walifanya vema. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, mpaka Bwana akasema hasira yake imewaka juu yao. Usimpe pia habari za Hana, yule aliyelia kwa kukosa mtoto mpaka akampata Samweli, kama ahadi kwamba mwakani atapakata mtoto. Hakuna aliyekutuma kuahidi hivyo. Lakini wewe mwenyewe soma 1 Samweli 1 uone watu waliomzunguka Hana. Penina, mke mwenzake mwenye watoto, alimchokoza. Elkana, mume aliyempenda, alimwambia, "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Kuhani Eli alidhani amelewa. Hana hakukosa watu, alikosa mtu wa kusikia. Jiulize wewe umesimama wapi kati ya hao watatu, na kama unaweza kuwa wa nne.

Labda mdogo wako kwa sasa hawezi kushukuru. Kama ni hivyo, hajatoka kwenye imani. Zaburi ya 88 inalia kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, inaishia gizani, haina hata neno moja la shukrani, na ipo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Yesu mwenyewe alifika kaburini kwa Lazaro akijua atakachofanya, na bado alilia kwanza. Maneno "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia" yalikuja baada ya machozi (Yohana 11). Na usiku ule aliotolewa alitwaa mkate akashukuru, na saa chache baadaye alikuwa Gethsemane akisema nafsi yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Shukrani na kilio vilikaa ndani ya mtu mmoja, usiku mmoja, bila kimoja kukifukuza kingine. Basi vinaweza kukaa katika undugu wenu.

Jambo moja zaidi kuhusu yeye. Kwa miaka mingi wewe ndiye mwenye nacho: unayemwombea, unayemshauri, unayemtia moyo. Je, kuna kitu unachopokea kutoka kwake? Petro aliona vigumu kuoshwa miguu kuliko kuosha. Ukiwa na mzigo wako, na najua unao hata kama hukuuandika, mpelekee mdogo wako, umwombe akuombee. Usifanye kama mbinu ya kumfurahisha, atagundua. Fanya kwa sababu unamhitaji kweli.

Kuhusu kikundi, usiache kutoa shukrani, ila usiwe wa kwanza kusimama kila mara. Kaa, wasikilize wengine. Zamu yako ikifika, sema ulichopokea na kwa mkono wa nani, na ukishashukuru, uishie hapo. Habari za mdogo wako usizitaje kamwe hadharani, hata kwa namna ya ombi, mpaka yeye mwenyewe akuombe. Kisha zungumza na kiongozi wenu kabla ya ibada ijayo. Kama mna kipindi cha shukrani, pawe pia na kipindi ambacho mtu anaweza kusimama na kusema "mimi bado nasubiri, na nimechoka," akaombewa, bila kutakiwa kumalizia kwa ushuhuda.